Mwanga wa Dunguni

Aurelia alikuwa akilipima jua kwa mkono wake wa kushoto. Hukaa chini ya kitambaa au karatasi anayoijaribu, hupandisha blauzi mpaka begani, huulaza mkono pale mwanga unapoangukia, hufumba macho, husubiri. Mkono ukianza kuchoma, basi, kitu hicho kimeshindwa, kinarudi jikoni kufunikia mitungi. Mkono ukikaa kimya, anafumbua macho na kutabasamu peke yake. Watu wa Mofu, kijiji cha bondeni kando ya mto, walimzoea. "Mama Leti yuko kazini," walisema wakipita na majembe yao, wakicheka, maana kwa mtu anayerudi shambani mgongo unamuuma, kazi gani hiyo ya kukaa mchana kweupe umetandaza mkono kama nguo iliyoanikwa?

Wacheke tu. Kazi ilikuwa kazi, tena ngumu kuliko jembe. Aurelia alikuwa anatafuta kitu kimoja duniani: mwanga ambao mwanawe angeweza kukaa ndani yake bila kuungua.

Leticia alizaliwa mweupe. Zeruzeru, ndivyo watu walivyosema siku zile, na wapo wanaosema mpaka leo bila haya. Mkunga alipompokea alimfunika haraka haraka, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. "Mfunue," Aurelia akamwambia. "Mfunue nimwone mwanangu." Alfonsi, mumewe, mvuvi na mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, aliinama akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ana masikio ya mama yangu," akatoka kwenda kutega nyavu zake. Maneno ya majirani yalikuja, yakakaa, yakachoka yenyewe. Watu bwana! Mtu hajui hata ng'ombe wake anaumwa nini, lakini anajua kwa nini mtoto wa mwenzake kazaliwa vile.

Shida haikuwa maneno. Shida ilikuwa jua, na shida ya pili ilikuwa macho. Macho ya Leticia hayakutulia, yalichezacheza muda wote. Nje mchana hakuweza kuyafungua; ndani ya nyumba yenye madirisha ya mbao hakuona kitu. Alivishwa shati la mikono mirefu na kofia ya ukindu pana, akatembea ameinamisha kichwa, anajua watu kwa miguu yao na sauti zao.

Sasa, Mofu mpunga ukishaanza kutoa masuke kijiji kinahama. Watu hufunga milango, hubeba sufuria na kuku na magodoro, huenda kuishi mashambani. Kila familia huwa na dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito, maji ya mafuriko yakipita chini yake. Humo hulala, hupika, huimba, huamia ndege mpaka mavuno. Ndio msimu mzuri kuliko yote. Mabinti hupiga soga kutoka dungu hadi dungu, vijana hupita na mitumbwi wakijifanya wamepotea. Na kila mwaka Leticia alibaki nyumbani na bibi yake, milango imefungwa, akisikia watu wanavyoondoka.

Mwaka wa tisini, wakati wa kufunga mizigo, akamwambia mama yake, bila kulia: "Nyie mnakwenda kuishi. Mimi naachwa nikae."

Aurelia aliweka sufuria chini. Neno lile lilimchoma moyo. Alikwenda shamba msimu ule kwa sababu njaa haingoji, lakini alirudi na shauri lake kichwani.

Alianza na karatasi za mifuko ya saruji. Alizipaka mafuta ya ufuta zikaanza kupitisha mwanga, mzuri kabisa, wa rangi ya chai ya rangi. Lakini mkono ulichoma, na sisimizi wakaja kijiji kizima. Akajaribu mifuko ya nailoni nyeupe, akaishona pamoja kama shuka. Mwanga mwingi, na joto la jikoni. Akajaribu chandarua kuukuu, kikapoza kidogo, si sana. Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi kweli. Alitundika nailoni juu na chandarua chini, akaacha nafasi katikati ya kutosha kiganja, upepo upite. Joto likachukuliwa na upepo. Akalaza mkono, akasubiri, akasubiri tena. Bado ulichoma, lakini kwa mbali, kama mtu anayekuita yuko ng'ambo.

Kilichobaki alikipata kwa Kabula. Miaka ile Wasukuma walikuwa wameanza kuingia bondeni na ng'ombe wao, na watu wengi wa Mofu hawakuwataka, maana ng'ombe hajui mpaka wa mpunga. Aurelia hakuwa na ugomvi nao. Alikwenda kwa Kabula kuchukua maziwa, na siku hiyo akaona kwenye uzio wa boma kitu kimetundikwa, kikavu, chembamba, jua linapita ndani yake na kutoka na rangi ya asali.

"Mwangaluka, mayo," Kabula akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kabula, kile nini pale?"

"Kibofu cha ng'ombe. Watoto walikipuliza wakafanya mpira, kikapasuka."

"Mnavitupa?"

"Tufanye nini navyo? Hata mbwa anavipita."

"Msitupe tena. Niwekee mimi."

Kabula alimwangalia, akaangua kicheko. "Kibofu cha mkojo? Mama Leti! Unataka kumpikia nini Baba Leti?"

"Nataka dirisha," Aurelia akasema.

Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipoelezwa ni kwa ajili ya nani, alifuta machozi ya kicheko, na tangu siku hiyo kila ng'ombe aliyechinjwa bomani, kibofu chake kilikuwa cha Mama Leti. Aurelia alivisafisha kwa maji ya majivu, akavipuliza, akavikausha kivulini, akavichana na kuvibana kwenye fremu za fito, akavipaka mafuta kidogo visipasuke. Alishona fremu moja baada ya nyingine. Vidole vyake vilinuka msimu mzima. Alfonsi naye alikuwa anachimbia nguzo.

Dungu lile lilipokamilika lilikuwa na nailoni nje, nafasi ya upepo, chandarua, nafasi tena, halafu vile vibofu ndani pande zote na darini. Aurelia aliingia peke yake saa sita, jua liko utosini, akaulaza mkono wake wa kushoto. Upepo ulitoka mtoni. Alikaa mpaka mkono ukafa ganzi. Haukuchoma. Akauweka usoni, akasikia ngozi imepoa kama ya mtu aliyetoka kuoga, akaanza kulia peke yake mle ndani.

Akamwita Leticia. Binti alipanda ngazi akipapasa, kofia imemfunika mpaka puani.

"Vua kofia," Aurelia akamwambia.

"Nivue?"

"Vua. Na hilo shati la mikono vua, baki na gauni. Hapa uko huru, mwanangu. Hapa jua halikufikii."

Leticia alivua polepole, kama mtu anayedhani anataniwa. Akafungua macho. Yalichezacheza, yakatulia kidogo, akamtazama mama yake kwa karibu sana, pua kwa pua.

"Mama," akasema, "kumbe una kovu hapa kwenye nyusi."

Alikuwa msichana wa kutosha kubeba ndoo, na hakuwa amewahi kuuona vizuri uso wa mama yake. Nani asingelia?

Msimu ule Leticia aliishi. Aliamia ndege kwa kelele zake, akapiga soga na mabinti wa madungu ya jirani, akatukanana na vijana wa mitumbwi kwa raha zake. Na kitu alichokipenda kuliko vyote kilitoka chini. Maji ya shamba yalirudisha jua juu, mwanga ukapenya kwenye nafasi za fito za sakafu, ukacheza darini juu ya vile vibofu, mistari mistari inayotembea. Leticia alilala kifudifudi akachungulia maji, halafu akageuka chali akautazama mwanga huo huo juu, akasema ni mto umepanda ghorofani.

"Baba, toa fito hapa katikati," akaomba. "Tundu liwe kubwa."

Alfonsi alimwangalia mkewe. Aurelia akafikiri kidogo. Akalaza mkono wake juu ya lile tundu, kiganja chini. Ubaridi mtupu. Tena mwanga wenyewe ulikuwa umetoka majini, na maji si ndiyo yanayozima moto? Mwanga uliopita kwenye maji utaunguza nini?

"Mtolee," akasema.

Alfonsi akang'oa fito, akaacha tundu la kutosha karai.

Hapo ndipo Leticia alipoanza sanaa yake, na mimi nasema sanaa kwa sababu sijui neno jingine. Alikata maumbo kwa wembe: mamba kwenye kipande cha mfuko wa sandarusi, kiboko kwenye karatasi ya saruji, mwanamke anayetwanga kwenye nailoni ya bluu aliyoikunja mara mbili ili iwe nzito. Aliyapachika kwenye vijiti kwa gundi ya wali, akayashikilia juu ya tundu. Vivuli vyao vilitokea darini. Kitu kizito kilitoa kivuli cheusi, chepesi kilitoa kivuli cha rangi, na upepo ukigusa maji, mamba alitembea, mwanamke akatwanga kweli. Aligundua kwamba akipandisha umbo kivuli kinakaza, akilishusha kuelekea majini kinalegea na kukua. Aligundua kwamba karatasi iliyopakwa mafuta upande mmoja inatoa vivuli viwili, kimoja ndani ya kingine. Siku nzima yuko pale amelala kifudifudi, kidevu na shingo juu ya tundu, mikono wazi, anakata, anajaribu, anacheka. Watu walikuja na mitumbwi kutazama. Hata wale waliokuwa wakimwita jina baya walipanda ngazi, wakakaa, wakasema, "Loh! Leti, wewe ni fundi."

Aurelia alikaa pembeni anapepeta mchele, anamsikia mwanawe akisifiwa. Hakuna mama aliyekuwa na furaha bonde zima kumshinda yeye.

Habari zilifika mjini Ifakara. Dada yake Aurelia, Febronia, alikuwa akiishi huko, mtaa wa Lipangalala, mwanamke wa sauti kubwa na roho kubwa zaidi. Alikuja kuona, akaondoka na pazia moja la vyandarua viwili lenye samaki wa Leticia katikati, akalitundika sebuleni. Basi mtaa mzima ukataka. Kila baada ya mavuno mama na binti walishona mapazia, asubuhi samaki hao wanaogelea ukutani kwa mwenye nyumba, jioni wamepotea. Bibi harusi aliyeingia nyumba isiyo na pazia la Mofu alisemwa. Na kila msimu walirudi dunguni, na kila msimu Leticia alivua shati.

Kidonda kilianza chini ya kidevu, mahali ambapo mtu hajitazami. Mwanzoni kilikuwa gamba dogo. Leticia alilibandua, likarudi. Aurelia alisema amekojolewa na buibui. Lilipokua akasema labda ni yale mafuta ya vibofu, akabadilisha mafuta. Lingine likatokea shingoni, na jingine upande wa ndani wa mkono. Akatwanga majani, akapaka, akafunga. Jirani mmoja alimwambia kwa upole, "Mama Leti, isije ikawa jua."

"Jua?" Aurelia aliwaka. "Jua la wapi? Wa kwako anashinda juani, wangu anashinda kivulini. Usiniletee mambo."

Alikuwa mpole siku zote, lakini hapo hakugusika. Jua alikuwa amelishinda. Alilishinda kwa mikono yake, mbele ya kijiji kizima, na hakuwa tayari kuambiwa limerudi. Msimu mzima ukapita hivyo, akipaka majani na kubadilisha mafuta, na kidonda kinakula kuelekea ndani. Febronia ndiye aliyekuja, akafungua kitambaa cha shingoni, akaona, akakifunga tena taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, "hiki si kipele. Fungeni vitu. Tunaondoka leo."

Daktari aliyewaona mjini alikuwa mgeni, mzee mtaratibu, amekuja kwa ajili ya magonjwa ya ngozi. Alimpima Leticia muda mrefu. Halafu akamwomba Febronia atoke na Leticia nje wakapate soda, akabaki na Aurelia.

"Mama, huwa anakaa sana juani?"

"Hapana, daktari. Huyu hakai juani kabisa." Aurelia alikuwa amebeba fremu moja ndani ya kanga. Akaifungua. Akaeleza yote: nailoni, upepo, chandarua, kibofu, mkono wake wa kushoto. Alieleza kwa fahari, ndiyo, kwa nini asione fahari? Daktari aliichukua fremu akaiinua dirishani, mwanga wa asali ukamwangukia usoni.

"Kazi nzuri sana hii," akasema, na alimaanisha. "Na akiwa humo, anavaa nini?"

"Gauni tu. Humo yuko huru."

"Anakaaje?"

"Analala kifudifudi. Kuna tundu, anaangalia maji, anafanya picha zake."

Daktari aliishusha fremu. Akavuta kiti karibu na Aurelia.

"Mama, nisikilize. Kinachowaunguza watoto hawa si joto. Jua lina joto, na lina kitu kingine kinachokuja pamoja nalo. Hakionekani, na mkono haukisikii. Hiki ulichotengeneza kimezuia joto, sawasawa kabisa. Kile kingine kimepita. Na maji yanakirudisha juu, kama kioo."

"Maji hayakizimi?"

"Hayakizimi, mama."

Aurelia alitazama mkono wake wa kushoto, umelala mapajani.

"Usijilaumu," daktari akasema. "Hakuna aliyekuja Mofu kukwambia. Lakini ni saratani, na imeshaingia ndani ya shingo."

Walikwenda Dar es Salaam kwa treni, wakarudi kwa treni, na kule nako waliambiwa wamechelewa. Leticia alilazwa chumba cha nyuma kwa Febronia, dirisha limefungwa. Aurelia alimwambia ni ugonjwa wa damu. Alfonsi peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama viganja vyake, akasema, "Fito nilitoa mimi."

Ikaja mvua ya Elinino. Maji yalipanda Mofu kuliko wazee walivyokumbuka, na Alfonsi alifungua zile fremu kabla dungu halijaondoka na mto, akazileta mjini kwa mtumbwi. Aurelia alizisukuma chini ya kitanda cha Febronia asizione. Lakini Leticia alikuwa amesikia mlio wake. Alijua mlio wa vibofu vikigusana kuliko alivyojua mlio wa redio.

"Mama, nitundikie dirishani."

"Zimeliwa na panya, mwanangu."

"Hata moja?"

"Zimechafuka na tope."

Kesho yake aliomba tena. Keshokutwa tena. Sauti ilikuwa imebaki ndogo, inatoka kwa shida kwenye shingo ile. "Mama, unaninyima nini? Nimekukosea nini? Nalala gizani kama zamani kwa bibi."

Aurelia alitoka nje, akasimama kwenye mvua. Angemwambia nini? Akimwambia ukweli angepumua yeye, na mzigo angebebeshwa nani? Mtoto aliyelala pale, ambaye jambo moja zuri alilonalo duniani ni lile dungu? Aliona heri ukweli umkwame yeye mwenyewe. Na kwa vyovyote mtoto anaondoka, kinga ya nini sasa? Akarudi ndani, akavuta fremu, akazifuta, akazifunga dirishani kwa kamba.

Mchana ule mawingu yaliachana. Mwanga ukaingia wa rangi ya asali, ukajaa chumba.

"Lete karai la maji," Leticia akasema.

Aurelia akalileta, akaliweka chini, akafungua upande wa chini wa fremu jua liguse maji. Mistari ikapanda darini, ikatembea. Leticia aliitazama. Alicheka kwa kile kipande cha sauti kilichobaki, akatafuta mkono wa mama yake kwa kupapasa, akaupata ule wa kushoto.

"Watoto wengine kama mimi wanaungua, mama," akasema. "Mimi ulinikinga. Asante."

"Haya, mwanangu," Aurelia akasema.

Akamwekea mto vizuri. Akatoka mpaka nyuma ya jiko la Febronia, akauma kanga yake kwa meno asisikike.

Leticia alifariki mwisho wa juma lile, asubuhi, mama yake akimlisha uji. Barabara ya Mofu ilikuwa imekatika kwa maji, basi akazikwa Lipangalala. Watu wa Mofu walifika wengi hata hivyo, wengine kwa mitumbwi, wengine walikuwa wamekimbilia mjini tangu mafuriko yaanze. Kabula alikuja na wanawake wa boma lake, wakakaa mbele. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za mvua, jua jeupe, lenye upepo.

Kabla jeneza halijashushwa, Nickolaus, katekista wa Mofu, alisimama kusimulia maisha ya marehemu kama ilivyo desturi. Alisimulia vizuri. Alisema alizaliwa wapi, alisoma wapi, alivyoupenda mpunga na mto. Halafu akasema: "Na wote tunajua jinsi mama yake alivyompenda. Alimjengea nyumba ya mwanga baridi. Jua la dunia hii halikumgusa mtoto huyu mpaka anaondoka."

"Kweli kabisa," watu wakaitikia. Mmoja akasema, "Mama wa mfano," na wengine wakarudia.

Aurelia alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chini. Neno lile la mfano lilimfanya ainue macho, na akamwona Rosemery, msichana wa Mofu aliyeolewa juzi juzi tu, amesimama na mtoto wake wa kwanza mikononi. Mtoto alikuwa mweupe. Aurelia alikuwa amesikia kwamba amezaliwa, hakuwa amemwona. Rosemery alikuwa amemkinga kwa kipande cha chandarua cheupe alichokifunga kwenye fremu ya fito, kazi safi, na nafasi ya upepo ameiacha. Chini yake mtoto alilala usingizi mzuri, uchi, mikono imetupwa huku na huku. Na Rosemery, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia chini ya chandarua, umelala karibu na shavu la mtoto, unapima.

Aurelia alinyanyuka. Watu walidhani anataka kuliaga jeneza, wakampisha. Akapita jeneza, akapita Nickolaus, akafika kwa Rosemery. Akavua kitenge kizito alichojifunga mabegani, akakikunja mara mbili, akamfunika mtoto mwili mzima, juu ya kichwa, chini ya kidevu.

"Mama Leti, atasikia joto," Rosemery akanong'ona.

"Asikie."

"Lakini nimeupima mwanga. Hauchomi."

"Najua hauchomi," Aurelia akasema.

Febronia alikuwa ameshamfikia, amemshika bega. "Mdogo wangu, twende ukae. Si mahali pake hapa."

"Ni hapa hapa, dada." Akawageukia watu. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Nickolaus, futa ulichosema. Sikumkinga. Mwanangu ameuawa na jua, na jua lilimpata mle mle nilimomweka. Mkono haupimi kitu. Ubaridi haupimi kitu. Msifanye nilivyofanya. Yeye alikuwa na shati la mikono mirefu, na kofia. Mimi ndiye niliyemwambia avue."

Alfonsi alikuja kutoka upande wa wanaume, mbele ya watu wote, akasimama karibu na mkewe, mabega yamegusana.

Aurelia alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akainama kwenye jeneza kama alivyokuwa akiinama karibu ili Leticia amwone.

"Leti," akasema, "uliniambia asante, nami nikaipokea. Haikuwa yangu, mwanangu. Nairudisha."

Kisha akasogea nyuma, na vijana wakashika kamba.